Masharti ya Kupata Lisansi katika Vyuo Vikuu vya Kongo: Miaka, Krediti na Majina ya Shahada

1. Utangulizi

Masharti ya kupata shahada katika vyuo vikuu vya Kongo yameandikwa kwa Kifaransa. Sheria, maagizo ya Wizara, kanuni za ndani za kila chuo na hata tangazo linalobandikwa kwenye ukuta wa kitivo, vyote hutolewa kwa lugha hiyo. Jambo hilo si la kushangaza, kwani Kifaransa ndiyo lugha rasmi ya nchi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika kifungu cha kwanza cha Katiba ya mwaka 2006. Hata hivyo, mashariki na kusini-mashariki mwa nchi, mzazi anayelipa minervali huzungumza na mtoto wake juu ya masomo kwa Kiswahili. Hali kadhalika, mwanafunzi anayetaka kuendelea na masomo ya Kiswahili huko Dar es Salaam hulazimika kueleza shahada yake kwa lugha ileile aliyojifunza. Hapo ndipo utata huanza. Je, lisansi ni shahada ya kwanza au ya pili? Gradua ni nini kwa Kiswahili? Krediti hupima kitu gani?

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: masharti ya mfumo wa zamani, masharti ya mfumo unaotumika sasa, na namna ya kutaja shahada hizo kwa Kiswahili bila kumpotosha msomaji. Hoja inayoyaunganisha ni moja: shahada haitambulikani kwa jina lake, wala kwa idadi ya miaka peke yake, bali kwa kazi aliyotakiwa mwanafunzi kuifanya na jinsi kazi hiyo ilivyopimwa.

2. Mfumo wa zamani: gradua na lisansi

Vyuo vikuu vya kwanza vya Kongo vilijengwa juu ya mfano wa Ubelgiji. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 mahali panapoitwa leo Kinshasa, na muda mfupi baadaye chuo kikuu cha serikali kikaundwa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya sasa. Katika vyuo hivyo mwanafunzi alipita kwanza katika ngazi ya kandidatura, kisha akaingia katika lisansi. Mwaka 1963 chuo cha tatu kilianzishwa Stanleyville, yaani Kisangani. Mwaka 1971 vyuo hivyo vitatu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire (UNAZA), na mwaka 1981 vikatenganishwa tena.

Katika mageuzi ya miaka hiyo ya 1970 kandidatura iliiachia nafasi gradua. Tangu hapo, kwa miaka mingi, njia ya kawaida ilikuwa na ngazi mbili: gradua ya miaka 3 na lisansi ya miaka 2. Jumla yake ilikuwa miaka 5. Fani chache, hasa udaktari wa tiba, zilikuwa na mpangilio wao wenyewe.

Masharti yake yalifahamika kwa kila mwanafunzi. Kwanza, alitakiwa kuwa na diploma ya Serikali inayotolewa mwisho wa masomo ya sekondari. Pili, alipaswa kushinda kila mwaka kwa ujumla wake, yaani kupata angalau asilimia 50. Kuanzia 50 hadi 69 daraja liliitwa satisfaksyo, kuanzia 70 distinksyo, kuanzia 80 distinksyo kubwa, na kuanzia 90 distinksyo kubwa kupita zote. Mitihani ilifanywa katika vikao viwili, na mwisho wa kila kikao juri ya maprofesa ilikaa kujadili orodha ya alama kabla ya matokeo kutangazwa. Tatu, mwishoni mwa gradua mwanafunzi aliandika kazi ya mwisho wa ngazi, ile ijulikanayo kwa herufi TFC. Mwishoni mwa lisansi aliandika tasnifu na kuitetea.

Mambo mawili yafaa kukumbukwa. Gradua ilikuwa shahada kamili iliyoweza kumpa mtu kazi. Ndiyo maana katika shule na ofisi nyingi watu wamezoea kutofautisha A1, yaani mwenye gradua, na A0, yaani mwenye lisansi; na tofauti hiyo huonekana pia katika mshahara. Aidha, kipimo cha mfumo huo kilikuwa mwaka. Aliyeshindwa katika kikao cha pili, kwa kawaida aliurudia mwaka, hata kama sehemu kubwa ya kozi zake zilikuwa na alama nzuri.

3. Kuingia kwa mfumo wa LMD

Mwaka 1999 nchi 29 za Ulaya zilitia sahihi Azimio la Bologna, zikikubaliana kuzilinganisha shahada zao ili mwanafunzi aweze kutoka chuo kimoja kwenda kingine bila kupoteza masomo aliyoyafanya. Ubelgiji wenyewe, uliokuwa umeipa Kongo maneno kandidatura na lisansi, uliyaacha. Katika Jumuiya ya Kifaransa ya nchi hiyo, dekri ya mwaka 2004 iliweka ngazi za bachelier, master na udaktari.

Katika Kongo, sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 iliufungulia mlango mfumo wa lisansi, master na udaktari, unaoitwa kwa ufupi LMD. Baadhi ya vyuo vilitangulia kuujaribu. Baada ya mkutano mkuu wa elimu ya juu uliofanyika Lubumbashi mwezi wa Septemba 2021, mfumo huo ulianza kutumika kwa jumla katika mwaka wa masomo 2021-2022, ukianzia na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Waliokwisha kuanza gradua au lisansi ya zamani waliendelea na njia yao. Kwa hiyo, kwa muda, mifumo miwili iliishi pamoja chini ya paa moja, na mara nyingi mbele ya walimu walewale.

4. Masharti ya lisansi ya sasa

4.1 Kuingia na kuandikishwa

Sharti la kwanza halikubadilika: diploma ya Serikali, au cheti cha nchi nyingine kilichotambuliwa kuwa sawa nayo. Kitivo kinaweza kuongeza sharti la asilimia maalumu au la mtihani wa kuingia. Baada ya hapo mwanafunzi huandikishwa katika ofisi ijulikanayo kwa jina la aparitora, na uandikishaji huo hurudiwa kila mwaka. Jambo hili laonekana dogo, lakini mwanafunzi ambaye jina lake halimo katika orodha hawezi kujadiliwa na juri, hata kama alihudhuria kozi zote. Tahajia ya jina nayo ichunguzwe tangu siku ya kwanza. Jina lililoandikwa namna moja kwenye diploma ya Serikali na namna nyingine kwenye orodha ya kitivo huleta usumbufu mkubwa siku ya kutolewa kwa diploma ya chuo kikuu.

4.2 Krediti 180

Lisansi ya LMD hupatikana kwa krediti 180. Nazo hugawanywa katika mihula 6, kila muhula krediti 30, yaani krediti 60 kwa mwaka. Katika hali ya kawaida hiyo ni miaka 3.

Je, krediti ni nini? Wanafunzi wengi huiona kuwa jina jipya la saa za kozi. Sivyo. Katika mfumo wa zamani kozi ya saa 45 ilimaanisha saa 45 za mwalimu kuwa darasani. Krediti hupima kazi yote ya mwanafunzi: kumsikiliza mwalimu, kufanya mazoezi, kusoma, kuandika na kujitayarisha kwa mtihani. Katika vyuo vya Ulaya, ambako kipimo hicho kilitoka, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi.

Tukichukua saa 25, hesabu yake ni hii. Kozi ya krediti 3 hudai saa 75. Ikiwa saa 45 ni za darasani, zimebaki saa 30 ambazo mwanafunzi anadaiwa peke yake. Muhula wa krediti 30 hudai saa 750. Ukiwa na majuma 15, kila juma ni saa 50. Lisansi nzima ni saa 4,500.

Hesabu hii inaonyesha uzito wa sharti lenyewe. Saa 50 kwa juma ni zaidi ya kazi ya mfanyakazi wa ofisini. Mwanafunzi anayetembea kwa miguu kwenda chuoni asubuhi, anayeuza kitu jioni ili apate chakula, na ambaye usiku hana umeme, atazipata wapi? Na saa za kujisomea zitajazwa na nini, ikiwa maktaba ina nakala moja ya kitabu kwa darasa zima, na silabusi ya mwalimu ndiyo kitabu pekee kinachopatikana? Saa za kazi binafsi zisipofanyika, krediti hubaki tarakimu iliyoandikwa kwenye karatasi.

Hapo idara za Kiswahili zina nafasi ambayo fani nyingine hazina. Mwanafunzi wa isimu katika Lubumbashi, Bukavu, Goma au Kisangani anaishi ndani ya data yake. Saa 30 za kozi ya fonolojia zinaweza kutumika kurekodi mazungumzo sokoni, kuyaandika, na kulinganisha matamshi ya mji na yale ya Kiswahili sanifu. Kazi ya namna hiyo haihitaji maktaba kubwa. Inahitaji daftari, simu yenye kurekodi sauti, na mwalimu atakayeisoma na kuisahihisha. Sharti hili la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa sababu kazi binafsi ya wanafunzi 100 ni kazi 100 juu ya meza ya asistenti.

4.3 Alama, fidia na kulimbikiza

Kozi hazisimami tena moja moja. Huunganishwa katika vizio vya mafunzo, na kila kizio kina krediti zake. Kwa kawaida mwanafunzi hukipata kizio akiwa na wastani wa 10 juu ya 20. Kozi moja yaweza kuifidia nyingine ndani ya kizio, lakini wastani huo hupimwa kwa krediti.

Tuchukue mfano wa kizio cha krediti 5 chenye kozi mbili: fonolojia yenye krediti 3 na sarufi yenye krediti 2. Mwanafunzi wa kwanza amepata 12 katika fonolojia na 8 katika sarufi. Hesabu yake ni 36 na 16, jumla 52. Ukigawanya kwa 5 ni 10.4. Amekipata kizio. Mwanafunzi wa pili amepata 8 katika fonolojia na 12 katika sarufi. Hesabu yake ni 24 na 24, jumla 48. Ukigawanya kwa 5 ni 9.6. Amekikosa. Wote wawili wana alama zilezile, 8 na 12, lakini matokeo yao ni tofauti. Mwanafunzi asiyejua uzito wa kila kozi hawezi kujua mahali pa kuweka nguvu zake, wala hawezi kuelewa kwa nini juri imemwahirisha. Ni vema pia kuuliza kama kanuni ya kitivo inaweka alama ya chini kabisa ambayo fidia haiwezi kuivuka.

Kizio kikishapatikana hakipotei. Mwanafunzi hulimbikiza krediti zake, na kinachobaki kuwa deni ni vile vizio alivyovikosa. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote, kwa sababu kipimo kimeacha kuwa mwaka mzima kikawa kizio. Idadi ya madeni anayoruhusiwa mtu kuingia nayo mwaka unaofuata huamuliwa na maagizo ya kitaaluma ya Wizara na kanuni za chuo. Nyaraka hizo yafaa zisomwe mwanzoni mwa mwaka, si baada ya matokeo.

4.4 Kazi ya mwisho na diploma yenyewe

Kulingana na programu yake, mwanafunzi hutakiwa pia kufanya mafunzo ya kazi, kuandika ripoti au kuandika kazi ya mwisho wa ngazi. Kazi hizo zina krediti ndani ya zile 180. Si nyongeza inayoweza kuahirishwa bila mwisho. Wengi wamemaliza mitihani yote wakabaki bila shahada kwa sababu ya kurasa chache ambazo hazikuandikwa.

Juri ikishatangaza matokeo, mwanafunzi hupewa hati ya muda, na baadaye diploma. Pamoja nayo aombe orodha kamili ya alama za kila mwaka, yenye krediti za kila kizio. Mbele ya chuo cha nje orodha hiyo ina uzito sawa na diploma, kwani ndiyo inayoonyesha kazi iliyofanywa.

5. Jina moja, shahada mbili

Neno lisansi sasa lina maana mbili. Katika mfumo wa zamani ni shahada iliyopatikana baada ya miaka 5. Katika mfumo wa LMD ni shahada ya miaka 3. Vifupisho vimeongeza utata. Darasa lililoitwa L1 katika mfumo wa zamani lilikuwa la mwaka wa nne wa chuo kikuu. L1 ya sasa ni ya mwaka wa kwanza. L2 ya zamani ilikuwa mwaka wa kumaliza. L2 ya sasa ni mwaka wa pili.

Madhara yake ni ya kweli. Mwenye lisansi ya zamani akiandika tu "shahada ya kwanza" katika maombi yake, amejipunguzia miaka miwili ya masomo pamoja na tasnifu. Mwenye lisansi ya LMD akijilinganisha na mwenzake wa zamani kwa sababu ya jina, amejiongezea asichokifanya. Na mwenye gradua hawezi kuigeuza kuwa lisansi ya sasa kwa hoja kwamba zote mbili ni za miaka 3: programu zake hazikupangwa kwa krediti, na ulinganisho wa shahada hutolewa na mamlaka husika.

Asili ya maneno yenyewe yaonyesha kwamba majina hayategemeki. Lisansi ya Kifaransa na leseni ya Kiingereza zimetoka katika neno moja la Kilatini, licentia, lenye maana ya ruhusa. Katika vyuo vya kale vya Ulaya ilikuwa ruhusa ya kufundisha. Katika Kiswahili leseni imekuwa ruhusa ya kuendesha gari au kufanya biashara. Nalo neno baccalauréat ni cheti cha kumaliza sekondari nchini Ufaransa, ilhali nchini Burundi ni shahada ya kwanza ya chuo kikuu katika mfumo uitwao BMD.

6. Kutaja shahada kwa Kiswahili

Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo tangu 2017 imetangaza kuwa eneo moja la elimu ya juu. Kwa hiyo wanafunzi na walimu watazidi kuvuka mipaka, na maneno matatu yatawasumbua.

La kwanza ni diploma. Katika Kongo diploma ni karatasi ya shahada yoyote: diploma ya Serikali, diploma ya gradua, diploma ya lisansi. Katika Tanzania diploma, iitwayo pia stashahada, ni ngazi iliyo chini ya shahada. Mkongo anayeandika kwamba ana "diploma ya chuo kikuu" ataeleweka kuwa hajafika kwenye shahada.

La pili ni shahada. Neno hili, lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya ushahidi, ndilo linalofaa kwa ngazi ya chuo kikuu: shahada ya kwanza, shahada ya uzamili, shahada ya uzamivu.

La tatu ni krediti. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi, na shahada ya kwanza ya miaka 3 hudai angalau krediti 360, yaani saa 3,600. Asiyejua hilo atadhani kwamba krediti 180 za Kongo ni nusu ya shahada, hali zikihesabiwa kwa saa 25 ni saa 4,500.

Njia iliyo salama ni kuacha jina la asili na kulieleza kwa maneno machache. Kwa mfumo wa zamani: "lisansi, shahada ya ngazi ya pili, iliyopatikana baada ya gradua ya miaka 3 na masomo ya miaka 2 pamoja na tasnifu". Kwa gradua: "gradua, shahada ya ngazi ya kwanza ya miaka 3 katika mfumo wa kabla ya LMD". Kwa mfumo wa sasa: "lisansi ya LMD, shahada ya kwanza ya miaka 3, krediti 180, mihula 6". Maelezo hayo yaambatanishwe na orodha ya alama, na uamuzi wa ulinganisho uachiwe chombo chenye mamlaka katika nchi inayohusika.

7. Hitimisho

Masharti ya lisansi yamebadilika katika kipimo chake. Zamani mwanafunzi aliulizwa kama ameshinda mwaka. Sasa anaulizwa amelimbikiza krediti ngapi. Lakini krediti hazitakuwa na thamani kuliko gradua na lisansi za jana ikiwa saa za kazi binafsi hazifanyiki, au zikifanyika hazisomwi na mtu yeyote. Chuo kinaweza kubadili majina kwa agizo la siku moja. Kununua vitabu, kupunguza idadi ya wanafunzi kwa kila asistenti na kusahihisha kazi zao huchukua muda mrefu zaidi, na hapo ndipo thamani ya shahada itakapoamuliwa.

Kwa upande wa idara za Kiswahili, jukumu moja liko karibu nazo: kutayarisha kwa Kiswahili maelezo mafupi ya masharti haya, yenye istilahi zilizokubaliwa, na kuyabandika kando ya yale ya Kifaransa. Mzazi ataelewa anacholipia, mwanafunzi ataelewa anachodaiwa, na msomaji wa nchi jirani ataelewa mtu aliyesimama mbele yake amefanya kazi gani.